Je, Pointi Peke Yake Zinatosha Kuchagua Munganga?

Siku matokeo ya Egizameni ya Leta yanapotoka, mtu hawezi kupita katika mitaa yetu bila kupata unga mweupe kichwani. Vijana wanapiga kelele, wamama wanaimba, puda inamwagwa hata juu ya mpita-njia asiye na mtoto kalasi ya sita. Kiisha, jioni, kelele zikipungua, ndani ya nyumba linaanza swali lingine: «Amepata ngapi?» Si kujua tena kama amepata ao amekosa, ni kujua ngapi. Akiwa na 52, wanasema Mungu asifiwe, tutaona. Akiwa na 70, hapo hapo baba mukubwa anasimama na kusema: «Huyu ni munganga wetu.» Mtoto mwenyewe hajaulizwa.

Chama chetu kimetuomba tuandike juu ya namna wazee walivyokuwa wakichagua watu wa kuwapa kazi nzito. Tumechagua kuzungumza juu ya kazi ya kuponya watu, kwa sababu ya mabishano yaliyotokea katika mkutano mmoja wa chama. Mzee mmoja alisimama akasema hivi: «Zamani, mtu mwenye kushika majani ya dawa tulimujua tangu anachunga mbuzi. Tulijua kama iko na hasira, kama anakunywa, kama anaweza kufunga kinywa. Leo munganga anachaguliwa na mashine ya Kinshasa yenye haijamuona hata siku moja. Kiisha munashangaa anaomba falanga mbele ya kushika mkono ya mugonjwa?» Watu walipiga mikono sana. Sisi hatukupiga, na tangu siku ile tunatafuta kujua ni kwa nini.

Huku kwetu tunatofautisha: munganga ni wa lopitali, mufumu ni wa majani na mambo ya usiku. Mzee alikuwa anawaweka wote wawili kwenye mizani moja, na hana kosa, kwa maana mgonjwa ni yule yule.

Tueleze kwanza kidogo namna mambo yanavyokwenda leo. Egizameni ya Leta ilianzishwa mwaka 1967. Kijana aliyemaliza miaka sita ya sekondari anaandika kwanza disertasio ya Kifaransa, kiisha siku nyingine anakaa mbele ya maswali ambayo majibu yake yameandikwa tayari, yeye anachagua moja. Lililo la kweli linahesabiwa, lisilo la kweli halihesabiwi. Akifika 50 kwa mia, ni diplome. Lakini kuingia fakilte ya utabibu, 50 haitoshi. Vyuo vingi vinaomba 60 ao zaidi, tena vingine vinaongeza konkuri yao wenyewe ya kemia, biolojia, hesabu na Kifaransa. Na hata yule aliyeingia, bado hajaingia: mwaka wa kwanza ukumbi unajaa mpaka wengine wanaandika wamesimama dirishani, na mwisho wa mwaka wanaobaki ni wachache. Hiyo ndiyo kamba ambayo watoto wetu wanaruka. Hakuna mahali kwenye njia yote hiyo ambapo mtu anamwangalia kijana usoni na kumuuliza: wewe, mgonjwa akitapika juu ya nguo yako, utafanya nini?

Je, pointi ni kitu bure? Hapana. Sisi tunaofundisha kemia tunajua thamani ya nukta moja. Mtoto wa kilo 8 akihitaji dawa miligramu 10 kwa kila kilo, atapata miligramu 80. Yule anayekosea mahali pa nukta anampa 800. Hapo moyo mwema wa munganga haumsaidii mtoto hata kidogo, mtoto anakufa na munganga analia pamoja na mama yake. Mtu asiyeweza kukaa masaa matatu akisoma ukurasa mgumu, akaurudia kesho yake bila kulazimishwa, hataweza miaka mingi ya fakilte, na akiweza kwa njia za nyuma, ole kwa wagonjwa. Kwa hiyo pointi zinasema jambo la kweli. Shida yetu ni kwamba tunazifanya ziseme na yale ambayo hazijui.

Tena zenyewe si safi kama tunavyozipenda. Mtoto wa shule ya mjini yenye maabara amegusa kwa mikono yake kipimo cha asidi, ameona rangi inageuka. Mtoto wa shule ya ndani, kule gari halifiki tangu daraja lilipoanguka, amejifunza rangi hiyo kwa chaki nyeupe kwenye ubao mweusi. Tumefundisha hivyo wenyewe: tulikuwa tunasema «sasa maji yanakuwa ya waridi», na watoto wanaandika «waridi» bila kuona kitu. Wote wawili wanapewa karatasi moja. Mmoja akipata 66 na mwingine 59, ni nani kati yao aliyepanda mlima mrefu zaidi? Na bado hatujasema habari ya zile karatasi za majibu ambazo wanafunzi wanaziita bombe, wala michango ambayo wazazi wanaombwa mbele ya egizameni na hakuna mtu anayeweza kueleza vizuri inakwenda wapi. Kila mwalimu anayesoma kitabu hiki anajua tunasema nini.

Basi twende kwa wazee. Sisi ni wa upande wa Balega, watu wa Mwenga, Shabunda na Pangi, na wasomaji watusamehe tukianza na kwetu. Kwetu, shule kubwa ya utu ilikuwa Bwami. Bwami haikuwa shule ya dawa, lakini ndiyo iliyokuwa inapima kama mtu anafaa kupewa heshima na siri. Mtu hakuzaliwa mwami. Kwa Balega mwami si mfalme kama kwa Bashi, ni yule aliyeingizwa katika Bwami. Alipanda ngazi moja moja, kongabulumbu, ngandu, yananio, mpaka kindi kwa wachache sana, na wake zao walipanda ngazi zao. Kila ngazi ilikuwa na vitu vyake, sanamu ndogo, barakoa, magamba, mdomo wa ndege, na kila kitu kilikuwa na mithali yake ya kuimbwa na kuchezwa. Aliyeingia alipaswa kuelewa. Hiyo nayo ilikuwa egizameni, tusidanganyane kwamba wazee hawakupima kichwa.

Lakini mbele ya kichwa walipima mambo mengine. Mtu mgomvi hakupita. Mtu anayesema ovyo hakupita. Yule ambaye ndugu zake mwenyewe hawakumkubali hakupita, hata kama alikuwa na mali, kwa maana ukoo ndio uliomsaidia kukusanya nyama na pesa za magamba za kulipia sherehe, na hakuna ukoo unaojichosha kwa ajili ya mtu anayewachukia. Tena alikuwa na mwalimu wake wa kumshika mkono, na mwalimu huyo aliona haya kumleta mtu mbaya mbele ya wakubwa. Balega wana neno busoga: linasema uzuri na wema pamoja. Ndiyo iliyotafutwa.

Na kwa wafumu, kati ya makabila mengi ya huku, mambo yalifanana. Majani yalipita toka kwa baba kwenda kwa mtoto, ao toka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na si kwa kila mtoto. Mzee alikuwa na watoto saba, akaangalia miaka na miaka nani anaamka bila kuitwa, nani anabeba kikapu bila kuuliza kuna nini ndani. Kijana alitembea nyuma yake porini mpaka ndevu zikaota. Siku alipopewa jani la mwisho, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujua ni mtu wa namna gani.

Tukifika hapa, mzee wetu wa mkutano atasema: munaona? Lakini tumwombe angoje kidogo. Katika ile hadithi ya watoto saba, mtoto wa jirani yuko wapi? Yule yatima anayelelewa na shangazi, mwenye akili na huruma kuliko wote saba, ni nani aliyemwangalia? Hakuna. Njia ya wazee ilimjua mtu vizuri sana, lakini ilimjua mtu aliyekuwa karibu. Na Bwami nayo ilihitaji mali nyingi na ndugu wengi. Mtu asiye na ukoo wenye nguvu angeweza kuwa na busoga yote ya dunia, akazeeka katika ngazi ya chini. Tena tukumbuke mfumu aliyekufa bila kumpata mtoto wa kumwamini. Alikwenda kaburini na majani yake, na sisi tukabaki tunaulizana lilikuwa jani gani.

Kuna jambo lingine, na kwetu ndilo kubwa. Kupima tabia ni jambo jema kama anayepima ni mtu wa haki. Mwaka 1948 wakoloni Wabeleji walipiga Bwami marufuku. Mwaka ule ule wa 1948 wakaanzisha kadi yao ya sifa ya uraia kwa wale Wakongo waliowaita «évolués», na mwaka 1952 wakaongeza ngazi nyingine juu yake, ile ya «immatriculation». Ili kuipata, mtu alichunguzwa mpaka nyumbani mwake: anakula kwa uma ao kwa mkono, choo chake kikoje, ana mke mmoja kweli, watoto wanasema Kifaransa? Hiyo nayo iliitwa tabia njema! Walikataza mizani yetu ya utu, wakaleta yao, na katika mizani yao baba zetu walionekana wepesi. Na kijana aliyetaka kusomea uinguzi ao kuwa asistanti wa munganga, mara nyingi barua ya padiri ao ya misionere ndiyo iliyomfungulia mlango. Padiri akisema ni mtiifu, sawa. Akisema ana kichwa kigumu, imekwisha. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na utabibu una miaka mingi. Nchi ilipopata Uhuru tarehe 30 Juni 1960, fakilte yake ya utabibu haikuwa bado imetoa hata munganga mmoja. Wa kwanza walitoka mwaka 1961. Wale maasistanti waliofanya kazi yote ya lopitali miaka mingi, makumi kadhaa yao walipelekwa Ufaransa baada ya Uhuru kumalizia masomo, wakarudi waganga kamili. Vichwa walikuwa navyo siku zote. Ni wale waliokuwa wakiwapima ndio hawakuona, ao hawakutaka kuona.

Ndiyo sababu hatukupiga mikono. Mtu akituambia «tuache pointi, tuangalie tabia», sisi tunauliza: nani ataangalia? Tume ya watu watano mjini? Tunawajua watu watano hao. Mmoja atamwona mtoto wa dada yake kuwa na huruma sana. Wa pili ataona kwamba vijana wa kabila fulani hawana uvumilivu. Wa tatu ataletewa bahasha. Pointi, hata zikiwa chafu, zina jambo moja ambalo mtoto maskini analihitaji kuliko chakula: zinapofika kwenye ile mashine ya Kinshasa, mashine haijui ni mtoto wa nani. Egizameni ile ya 1967 ilimweka mtoto wa Shabunda na mtoto wa koleji kubwa ya mji mbele ya karatasi moja. Haikuondoa tofauti zao, tumekwisha sema. Lakini kabla yake hata karatasi moja hawakuwa nayo.

Katika miaka ya 1970, vyuo vikuu vyote vilipokuwa vimeunganishwa katika UNAZA, serikali ilijaribu njia ya kati: nafasi ziligawanywa kwa majimbo. Wengine walifurahi kwamba jimbo lao limepata nafasi, wengine walilalamika kwamba mtoto wao mwenye pointi nyingi ameachwa nje kwa ajili ya yule wa jimbo lingine. Majeraha hayo watu wazima wa leo bado wanayasimulia. Hatutaingia zaidi, ni moto ule.

Na tusifikiri kwamba ni sisi peke yetu tunaosumbuka. Wabeleji waliotuletea mtindo wao wa masomo, kwao wenyewe hawakuwa na konkuri ya kuingia utabibu kwa muda mrefu. Upande wa Waflamani waliianza mwaka 1997, upande wa wasema-Kifaransa mwaka 2017 tu. Uholanzi wao walifanya jambo la kuchekesha, ao la hekima, sijui tuite vipi: toka miaka ya 1970 walipiga kura. Ndiyo, kura, kama watoto wanavyovuta vijiti. Mwenye pointi nyingi alipata bahati kubwa zaidi, lakini bahati tu. Wakati wa miaka ya 1990 msichana mmoja mwenye pointi karibu zote alikosa kwa kura zaidi ya mara moja, nchi ikapiga kelele, sheria ikageuzwa ili wenye pointi za juu kabisa waingie moja kwa moja. Kisha mwaka 2017 wakaiacha kura, wakachagua kwa majaribio na mazungumzo. Baada ya miaka michache wakaona kwamba watoto wa wazazi waliosoma ndio wanaojua kuzungumza vizuri, na mwaka 2023 sheria ikaruhusu kura tena. Nchi tajiri, yenye amani, imezunguka ikarudi ilipoanza. Tulipoyasoma hayo tulipata faraja kidogo.

Tuna mfano mmoja karibu zaidi. Daktari Denis Mukwege, mtu wa Bukavu, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, anajulikana dunia nzima kwa wanawake aliowatengeneza miili pale Panzi. Alipata diplome yake ya sekondari mwaka 1974, sehemu ya biokemia. Je, aliingia utabibu? Miaka miwili ya kwanza alikuwa Kinshasa katika fakilte ya politekniki, ya maenjinia. Ni mwaka 1976 alipovuka kwenda Burundi, akaanza utabibu huko. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba hamu hiyo ilianza akiwa mtoto, alipokuwa anafuatana na baba yake mchungaji kwenda kuombea wagonjwa: aliona baba anaomba lakini hatoi dawa, akasema yeye atakuwa mtu wa kutoa dawa. Hatusemi kwamba pointi zilimkataa. Tunasema tu kwamba hakuna karatasi ya mwaka 1974 iliyoandika habari ya mtoto yule kando ya kitanda cha mgonjwa, na kama asingevuka mpaka, Kongo ingekuwa na enjinia mmoja zaidi.

Kwa hiyo tunasimama wapi? Sisi tunaona hivi: mlangoni, pointi zibaki, kwa sababu mlangoni ndipo rushwa na undugu vinapongoja. Lakini wazee hawakumaliza kupima mlangoni, na hilo ndilo tulilolisahau. Katika Bwami aliyeingia kongabulumbu alikuwa bado anaangaliwa. Angeweza kukaa hapo mpaka kufa kama tabia yake haikukomaa. Mwenye kubeba kikapu cha mfumu alipimwa kila siku ya kubeba kikapu. Kwa fakilte zetu ni kinyume. Kijana akishapita ile miaka ya kwanza ya karatasi, anapelekwa staji ya lopitali, na pointi za staji zinagawanywa kama pipi kwenye arusi. Muinguzi wa usiku, mama yule wa miaka ishirini ya kazi, anajua vizuri ni nani kati ya wastajeri anayekuja saa nane za usiku akiitwa, na ni nani anayefunga simu. Anajua nani anamwambia mwanamke anayezaa «ulipokuwa unaitafuta ulilia?». Hakuna anayemuuliza huyo mama. Yeye ndiye mwenye macho ya wazee, na sahihi yake haina nafasi kwenye karatasi yoyote. Tungependa iwe nayo, hata kama na yeye anaweza kuwa na upendeleo wake. Miaka mitatu ya macho ya watu wengi ni vigumu zaidi kuinunua kuliko asubuhi moja mbele ya tume.

Tena tusimtwike kijana kila kitu. Munganga anayeomba falanga kwanza, wakati mwingine ni mtu ambaye serikali haijamlipa miezi, na lopitali inaishi kwa kile mgonjwa anacholeta. Angechaguliwa na wazee wote wa Bwami, tumbo lake lingelia vilevile.

Sasa lazima tuseme na jambo letu wenyewe, kwa sababu tumeandika kwamba pointi hazijui mtu ni mtoto wa nani, na mikono yetu inajua kwamba si kweli sana. Wengi wetu tuliosoma ISP, kwenye karatasi ya kuomba nafasi tuliandika utabibu mstari wa kwanza. Pointi ndizo zilizotupeleka ualimu. Tunawapima watoto tukiwa na kidonda hicho, watu wajue.

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu wa kazi, katika shule moja. Kalasi ya sita biokemia ilikuwa na msichana aliyekaa na koko yake mgonjwa wa sukari. Mguu wa koko ulikuwa na kidonda kisichopona. Kila asubuhi msichana alichemsha maji, akakiosha, akakifunga, kiisha akaja shuleni amechelewa, na sisi tukamwazibu kwa kuchelewa. Siku moja mwenzake alianguka kifafa katikati ya somo. Wote walikimbia, hata sisi tulirudi nyuma hatua mbili, tukikumbuka yale ya zamani kwamba povu linaambukiza. Yeye alipiga magoti, akamlaza ubavu, akaweka sweta yake chini ya kichwa, akangoja. Katika kemia alikuwa na 48. Mama yake alitujia na kuku: «Mwalimu, unisaidie, umuongezee kidogo, anataka kuwa munganga.» Tulikataa kuku, tukakataa pointi, tukajiona watu wa haki sana.

Wiki ile ile mkubwa wa shule alituita ofisini. Kulikuwa na mvulana, mtoto wa mtu mzito wa mji, na dosie yake ilihitaji kemia iwe juu kidogo. Alikuwa na 61 yake halali. Hakuna kuku aliyeletwa, hakuna aliyeomba kwa sauti. Tuliandika 70.

Yule mvulana leo ni munganga. Tungependa kusema kwamba ni mbaya, habari yetu ingekuwa nyepesi. Si mbaya. Usiku mmoja mtoto wetu alipokuwa na malaria ya kichwani, ni yeye aliyekuwa zamu, na hakuomba falanga kwanza. Alikaa naye mpaka alfajiri, akatuita «mwalimu» kwa heshima. Hatukuweza kumwangalia machoni. Msichana alipata diplome yake na 51, akaenda shule ya uinguzi, na sasa ndiye anayeongoza sentre ya afya huko ndani, yeye na matroni mmoja. Munganga aliye karibu yuko mbali siku moja ya mguu. Wanawake wanazaa mikononi mwake.

Mwaka jana alikuja mjini na mdogo wake wa kiume, kalasi ya sita katika shule yetu ya sasa. Tulidhani amekuja kuomba kitu. Alikaa, akanywa maji, akatuuliza habari za nyumbani. Alipoinuka alisema: «Mwalimu, uandike tu ile amepata.» Kijana alikuwa na 63. Tuliandika 63. Anangoja konkuri.